Kutoka Njia ya Misafara hadi Kombe la CECAFA: Historia ya Mpira wa Wanawake na Deni Letu



Ukurasa huu wa historia tumezoea kuujaza na habari za Mtemi Mirambo wa Urambo, Mtemi Isike wa Unyanyembe, tembe la Kwihara na reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Mwaka huu tumeamua kuandika juu ya mpira wa wanawake. Wengine mtauliza historia iko wapi hapo. Ipo, na kwetu sisi inaanzia kwenye njia ileile ya misafara.

Kila mmoja wetu alifundishwa shuleni kwamba Wanyamwezi walikuwa wapagazi hodari. Pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo, merikani na shanga zikapanda hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji. Kisichosemwa sana ni kwamba misafara ya Wanyamwezi ilikuwa na wanawake pia. Walibeba vyungu, mikeka na chakula, wengine na watoto mgongoni. Jioni kambini, wanaume walipotua mizigo, wao ndio kwanza walianza kupika. Wazee wetu husimulia kwamba hata jina la Tabora limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyopikwa na kukaushwa ili vifae kuliwa safarini. Kama ndivyo, basi mji wetu umepewa jina la kazi ya mikono ya wanawake. Hata hivyo wengi wao walitembea njia nzima bila ujira wao wenyewe.

Sasa tuje kwenye mpira. Mashindano ya soka ya ukanda wetu yalianza mwaka 1926, Kenya ilipocheza na Uganda kugombea Kombe la Gossage, lililotolewa na mtengenezaji wa sabuni. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Kuanzia mwaka 1973 likawa Kombe la Chalenji la CECAFA tunalolijua. Hayo yote yalikuwa ya wanaume.

Kombe la wanawake la CECAFA lilichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986 huko Zanzibar, na wenyeji wakalitwaa. Rais wa nchi wakati huo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye jina lake limeandikwa kwenye uwanja wetu wa mpira pale Tabora mjini. Piga hesabu: kutoka 1926 hadi 1986 ni miaka 60. Binti zetu walianza wakiwa nyuma kwa miaka 60.

Baada ya hapo kombe hilo halikuchezwa tena hadi mwaka 2016. Miaka 30! Msichana aliyezaliwa wakati Zanzibar inashangilia alifikisha umri wa kustaafu soka bila kuliona. Sisi tunaoshinda na daftari za hesabu tunajua jinsi jambo linavyoweza kufa. Si lazima lipigwe marufuku. Inatosha lisiwekewe fungu mwaka huu, wala mwaka ujao, na baada ya muda hakuna anayekumbuka kwamba liliwahi kuwepo.

Wachezaji wenyewe hawakukoma. Mwaka 2010 timu ya taifa, Twiga Stars, ilifuzu kwa mara ya kwanza kucheza fainali za wanawake za Afrika, zilizofanyika Afrika Kusini. Ilipoteza michezo yote mitatu, lakini miwili kati ya hiyo kwa tofauti ya bao moja tu: 2-1 dhidi ya wenyeji na 3-2 dhidi ya Mali. Hawakuwa na kombe la ukanda la kujipimia.

Septemba 2016 kombe lilirudi, safari hii Jinja, Uganda, kwa timu saba. Tanzania Bara ilikwenda kwa jina la Kilimanjaro Queens. Katika nusu fainali iliwafunga wenyeji 4-1, na katika fainali ikaifunga Kenya 2-1. Mwaka 2018 Tanzania ililitetea kombe hilo Kigali. Mwaka 2019 mashindano yalikuja Dar es Salaam kwa timu nane, na Kenya ikatunyang'anya kwa kutufunga 2-0 katika fainali mbele ya watu wetu. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Uganda, iliyoifunga Burundi 3-1. Juni 2025, Dar es Salaam tena, Tanzania ikalirudisha kombe nyumbani. Mwezi uliofuata Twiga Stars ilikuwa Morocco kwenye fainali za Afrika, miaka 15 baada ya zile za kwanza, na ikatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi.

Tazameni ramani ya mashindano hayo. Kwa reli kutoka Tabora, njia moja inakwenda Mwanza, na ng'ambo ya ziwa ni Uganda. Nyingine inakwenda Kigoma, na kutoka pale Burundi ni jirani. Hawa ni majirani ambao babu zetu walifanya nao biashara kabla ya reli. Burundi, nchi ndogo kuliko yetu, ilifika fainali ya kombe hili mwaka 2022, na mwaka huohuo ikacheza fainali za Afrika za wanawake kwa mara ya kwanza. Kwa miaka kadhaa shirikisho lake la soka liliongozwa na mwanamke, Lydia Nsekera, ambaye mwaka 2013 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika kamati kuu ya FIFA.

Na sisi je? Timu ya wanaume ya mji wetu ilipopanda Ligi Kuu na kucheza msimu wa 2023/24 kwa jina la Tabora United, simu zetu hazikukauka kwa pongezi. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini tulipofungua daftari za chama chetu ili kuandaa kijitabu hiki, tuliona fungu la michezo lipo kila mwaka: jezi, mipira, ng'ombe wa mshindi, posho ya waamuzi. Lote limekwenda kwa wavulana. Hakuna kikao kilichoamua wasichana wasipewe. Hakuna pia kikao kilichouliza. Waliosaini ni sisi.

Binti anayetaka kucheza kijijini anahitaji mpira, viatu, mwalimu anayejua kazi yake, nauli, na mahali pa kubadilishia nguo penye mlango. Anahitaji pia kuruhusiwa kutoka jioni kabla maji hayajachotwa. Hili la mwisho haliko kwenye bajeti. Ni juu ya kila mmoja wetu katika nyumba yake.

Wanachama wengine wamesema madawati yatangulie. Tunakubali, na fungu la madawati halitaguswa. Tunachopendekeza ni kwamba fungu la michezo ligawanywe nusu kwa nusu, na kwamba katika kadi ya mchango ya mwaka huu kila mmoja aongeze kidogo kwa ajili ya ligi ya wasichana wa shule zetu. Mapato na matumizi yake tutayachapisha katika kijitabu cha mwakani, ukurasa huuhuu, ili mtuhoji.

Bibi zetu walitembea njia ile bila ujira. Wajukuu wao tusiwaache wacheze bila viatu. Karibuni tuchange.