Mawese: dawa ya mababu, sabuni ya wakoloni

Kwenye masoko ya Uvira, Bukavu na Goma, mawese huuzwa kwa bidoni na kwa chupa. Familia zilizohama makwao hununua kipimo kidogo tu, cha kutosha sufuria moja ya sombe. Wengi wao waliacha michikichi yao Fizi au Beni. Mafuta wanayoyanunua leo kwa shida, jana waliyatengeneza wenyewe nyuma ya nyumba.

Mchikichi ni mti wa asili wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, na kazi ya kukamua mawese ni ya zamani sana. Mwanaume hupanda mti na kukata mkungu. Ngazi huachwa siku chache zilegee, kisha mama huzichemsha, huzitwanga kwenye kinu na kuzikamua. Maji yakiongezwa, mafuta huelea juu. Huchotwa na kuchemshwa tena mpaka yaache kupasuka-pasuka, alama kwamba maji yamekwisha. Hakuna kinachotupwa: makapi huwasha moto, na kokwa hupasuliwa kwa jiwe ili kiini kitoe mafuta ya pili, tofauti na mawese.

Mawese yalikuwa chakula na dawa pia. Wazee waliwapaka watoto ngozi iliyokauka. Mafuta ya kiini yalipakwa nywele na mwili, hasa mtoto akiwa na homa. Majani ya dawa yaliyopondwa yalichanganywa na mafuta ili yashike kwenye ngozi.

Wazungu nao waliyataka, lakini kwa sababu nyingine: viwanda vya Ulaya vilihitaji mafuta ya kutengenezea sabuni. Mwaka 1911, Ubelgiji ilifanya mapatano na William Lever, tajiri wa Uingereza aliyetengeneza sabuni ya Sunlight. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa haki ya kujichagulia hadi hekta 750,000 katika maeneo matano. Lusanga, katika Kwilu, iliitwa Leverville. Mapatano yaliidai kampuni ijenge shule na hospitali. Lakini michikichi ambayo watu waliivuna tangu mababu ilihesabiwa sasa kuwa mali ya kampuni, na wanaume walisukumwa kwa nguvu na kwa kodi kwenda kukata ngazi mbali na kwao.

Mzigo huo ulizidi baada ya mtikisiko wa uchumi wa dunia wa 1929. Bei ya mafuta ilianguka, malipo ya wakata ngazi yakapunguzwa, lakini kodi haikupungua. Mwaka 1931 Wapende waliasi. Mwezi wa Juni waliua afisa wa serikali, Maximilien Balot. Jeshi la Force Publique lilijibu kwa risasi, na zaidi ya Wapende 500 waliuawa. Mafuta yaliyokuwa yakiwapaka watoto yalikuwa yamegeuka chanzo cha vilio.

Congo ilitoa pia elimu iliyobadili dunia. Katika kituo cha utafiti cha Yangambi, karibu na Kisangani, Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 kwamba mchikichi wenye ngazi za kokwa nene ukichanganywa na ule usio na kokwa ngumu, unazaliwa mti wenye kokwa nyembamba na nyama nyingi. Aina hiyo ndiyo inayojaza leo mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia. Na Congo, iliyokuwa kati ya wauzaji wakubwa wa mawese duniani, sasa inaagiza mafuta kutoka nje.

Ni nini basi katika dawa ya mababu kinachosimama mpaka leo? Rangi nyekundu ya mawese inatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo huanza kutoona vizuri jioni, huugua kwa urahisi, na anaweza kupofuka kabisa. Kijiko cha mawese mekundu katika sombe au maharagwe ni kinga ya kweli. Lakini mafuta yakikaangwa mpaka yawe meupe, kinga hiyo hupotea.

Mengine lazima yaachwe. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, asipakwe mafuta. Kitovu cha mtoto mchanga kinatakiwa kikae kikavu na safi. Na mtoto aliyekunywa petroli au sumu asinyweshwe mawese ili atapike, kwa maana yanaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Apelekwe haraka kwenye kituo cha afya.

Mchikichi huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miaka mingi, na mara nyingi mjukuu huvuna alichopanda babu. Ndiyo maana aliyekimbia vita hakuacha chakula cha msimu mmoja tu. Miti inaweza kumngoja. Lakini ujuzi wa kuchemsha, kukamua na kujua mafuta yameiva haumo ndani ya mti. Umo mikononi mwa mama zetu waliomo kambini, na binti asiyefundishwa sasa atarudi nyumbani akute ngazi zimeiva, asijue aanzie wapi.