Kimbunga cha Unguja cha 1872 na Fiqhi ya Aliyepatwa na Janga

 

Sisi tulio huku Tunduma tunaishi mpakani mwa Zambia, mahali ambapo habari za bahari huletwa na madereva wa malori. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 za barabara. Hata hivyo, mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya kusini pale Somanga wilayani Kilwa, habari ile ilibeba swali la fiqhi kwa mkoa unaolima mahindi kama huu wetu wa Songwe. Je, zaka ya ghala la Mbozi yaweza kuvuka bahari na kumfikia mvuvi aliyepoteza ngalawa yake? Na ikimfikia, aipokee kama haki yake, au kama mkopo wa kurudisha? Swali la pili ndilo zito zaidi, na tunaona halifahamiki vyema mpaka turejee kwenye kimbunga cha Unguja cha mwaka 1872.

Kimbunga kile kilipiga tarehe 15 Aprili 1872, mwanzoni mwa Safar 1289 Hijria, katika zama za Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida hupita kusini zaidi, pande za Madagaska, Mauritius na Msumbiji. Watu wa Unguja walizoea Kaskazi na Kusi, pepo ambazo mtu huzihesabia miezi yake. Hawakuwa na mazoea ya upepo wa namna ile. Majahazi yaliyokuwa bandarini yalivunjikiana na mengine kutupwa pwani, na meli za Sultani zikaharibika takriban zote. Miongoni mwa zilizotupwa ufukweni ilikuwamo Majidi, ambayo kabla ya kununuliwa na Seyyid Majid mwaka 1866 iliitwa Shenandoah, nayo ilikuwa meli ya kivita ya Majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Haya tunayataja kwa kupita tu.

Msiba mkubwa ulikuwa mashambani. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba theluthi mbili za mikarafuu na minazi ya Unguja ziliangamia. Mkarafuu si mahindi, ambayo ukiyakosa mwaka huu unapanda tena mvua zijazo. Mkarafuu mchanga huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kutoa zao la kuchumwa, na miaka mingi zaidi kufikia nguvu zake. Kwa hiyo mwenye shamba aliyeamka asubuhi ya tarehe 16 Aprili alikuwa amepoteza mavuno ya muongo mzima, wala hakuwa na cha kumlisha mtu hadi miche ikue.

Wengi wao, tena, kimbunga kiliwakuta tayari na madeni. Bei ya karafuu ilikuwa imeshuka kwa miaka kadhaa kwa sababu ya kupandwa kwa wingi tangu zama za Seyyid Said, na wenye mashamba walikuwa wakichukua fedha kwa wafanyabiashara wa mjini kwa kuweka mashamba yao. Upepo uliing'oa mikarafuu, lakini deni lilibaki pale pale. Aliyekuwa na fedha za kumwanzishia mtu maisha upya alikuwa ni yule yule mkopeshaji wa jana.

Hapa lazima tusimame kwenye namna ya mikopo yenyewe, kwa kuwa ni mlango wa fiqhi. Kwa kuwa riba ni haramu, Unguja na Pemba ilienea bei ya hiyari, yaani bay' al-khiyar. Mwenye shamba alimuuzia mkopeshaji shamba lake kwa fedha fulani kwa sharti la kulirudisha akilipa fedha ile ndani ya muda waliopatana. Na muda huo wote aliendelea kukaa shambani akilipa kodi, kama mpangaji katika mali iliyokuwa yake jana. Kodi ile kwa hesabu ilifanya kazi ya riba. Muamala huu una ndugu zake: bay' al-wafa kwa Mahanafi wa Bukhara na Samarkand, na bay' al-'uhda kwa watu wa Hadhramaut. Wapo wanazuoni wakubwa walioukubali kwa haja za watu, na hatuna adabu ya kuwadharau. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba Jeddah mwaka 1992, liliamua kuwa bay' al-wafa haifai, kwa kuwa uhakika wake ni mkopo unaovuta manufaa. Sisi tunaona historia ya Unguja ni ushahidi wa upande huo. Katika mwaka wa neema muamala ule uliweza kuonekana kama wepesi. Katika mwaka wa janga, aliyeshindwa kulipa alipoteza shamba, na jambo lile likaitwa bei iliyotimia. Madeni ya wenye mashamba yaliendelea kuwa donda visiwani hata katika miaka ya 1930, serikali ya wakati huo ilipolazimika kutunga sheria za kuzuia mashamba kuhama mikononi mwa wenyewe.

Januari 1873, hata mwaka haujatimia tangu kimbunga, mjumbe wa Uingereza Sir Bartle Frere aliwasili kumtaka Barghash akomeshe biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Sultani alitoa hoja ya kimbunga: nchi imeangamia, na kuongezewa hili ni kuimaliza. Mkataba hata hivyo ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873 chini ya tishio la manowari, na soko la watumwa likafungwa.

Wapo wanaoisoma habari hii kama dhulma tupu dhidi ya Sultani wa Kiislamu aliyepatwa na msiba. Nguvu ya manowari haikuwa huruma, hilo tunakubali. Lakini msiba ule ulikuwa wa nani? Pemba kwa sehemu kubwa ilinusurika, bei ya karafuu ikapanda kwa uhaba, na wenye mali wakakimbilia kupanua mashamba huko. Waliotakiwa kuyafyeka na kuyapalilia ni mateka, na wengi wa mateka waliokuwa wakipitishwa Kilwa walitoka nchi za Ziwa Nyasa. Mto Songwe humwaga maji yake katika ziwa hilo. Basi utajiri wa Pemba baada ya kimbunga ulijengwa kwa migongo ya watu wa nchi hizi. Na Mtume (S.A.W.), kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, amemtaja mwenye kumuuza mtu huru na kula thamani yake miongoni mwa wale ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Waliotekwa vijijini mwao walikuwa watu huru. Hakuna janga linalohalalisha jambo hilo, wala hoja ya kuanguka kwa mikarafuu haiwezi kulifunika.

Sasa turejee kwenye sheria, tuone ilikuwa imemwandalia nini aliyepatwa na janga kabla hata mkarafuu mmoja haujapandwa Unguja.

Mafaqihi wana istilahi yao, jaiha, wingi wake jawaih: ni janga la upepo, baridi, nzige au mfano wake linaloangamiza matunda ambalo mwanadamu hawezi kulizuia. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha kuondolewa gharama ya jaiha. Maana yake, aliyenunua matunda yakiwa bado mtini, kisha yakaangamia, asidaiwe bei ya kitu ambacho hakukipata. Imam Malik amefanya theluthi kuwa mpaka: hasara ikifika theluthi ya matunda, muuzaji hupunguza bei kwa kadiri ya kilichopotea. Imam Ahmad, katika kauli iliyo mashuhuri kwake, hakuweka kiwango ila kile kidogo kisichohesabiwa na watu. Imam Shafi katika kauli yake mpya, pamoja na Abu Hanifa, waliona kupunguza ni jambo la kupendekezwa, kwa kuwa mnunuzi amekwisha kabidhiwa matunda. Watu wa pwani na visiwa wengi ni Mashafi, kwa hiyo kadhi wao hakulazimika kumbana muuzaji. Lakini kupendekezwa nako si jambo dogo. Imam huwahimiza watu juu ya sunna kila Ijumaa, wala haachi kuitaja kwa kuwa si faradhi.

Tuweke wazi hapa, mwanafunzi asichanganye. Hukumu ya jawaih inahusu matunda yaliyouzwa mtini, haihusu kila deni. Mwenye shamba aliyekopa fedha ana mlango mwingine, nao ni ule wa Sura ya Al-Baqara aya ya 280, inayoamuru mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na kuonyesha kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Hiyo ni amri. Si hiari ya mdai kumngojea aliyethibiti kuwa hana. Mkopeshaji anayetwaa shamba la mtu ambaye mikarafuu yake imelala chini, kwa sababu tu siku imefika, amekwenda kinyume na aya hiyo hata kama karatasi yake imeandikwa bei.

Na mlango wa tatu ni zaka yenyewe. Katika hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (R.A.), aliyoipokea Muslim, Mtume (S.A.W.) alitaja watu watatu waliohalalishiwa kuomba, na mmoja wao ni mtu aliyepatwa na jaiha iliyoangamiza mali yake, mpaka apate cha kusimamia maisha yake. Jana alikuwa mtoaji wa zaka, leo ni mpokeaji, wala hapana aibu juu yake. Anaweza kuingia katika mafukara, na akiwa na deni huingia pia katika fungu la wadaiwa lililotajwa katika aya ya 60 ya Sura ya At-Tawba. Kipimo si kumshibisha siku tatu. Ni mpaka asimame, na mvuvi husimama kwa chombo na nyavu.

Historia ina mfano wa dola iliyotenda hivyo. Mwaka 18 Hijria, Mwaka wa Ramada, Hijazi ilikauka na watu wa majangwani wakamiminika Madina. Sayyidna Umar (R.A.) aliwaandikia magavana wake. Abu Ubayda (R.A.) alileta kutoka Sham misafara ya ngamia waliobeba chakula, na Amr bin al-As (R.A.) akaleta kutoka Misri kwa nchi kavu na kwa bahari mpaka bandari ya Al-Jar. Umar mwenyewe alijizuia samli na nyama mpaka watu walipozipata. Mwaka huo hakuwatuma wakusanyaji wa zaka kwa waliopatwa; aliwatuma mwaka uliofuata, akaamuru ikusanywe ya miaka miwili, sehemu moja igawiwe papo hapo kwa wenyeji na nyingine ipelekwe kwake. Chakula cha Misri hakikuandikwa kuwa deni juu ya watu wa Hijazi.

Basi zaka ya Songwe na mtu wa kisiwani. Madhehebu ya Shafi, katika kauli yenye nguvu ndani yake, haijuzishi kuihamisha zaka maadamu pana wastahiki pale ilipopatikana mali, kwa kutegemea hadithi ya Muadh (R.A.) aliyetumwa Yemen kuichukua kwa matajiri wao na kuirudisha kwa mafukara wao. Mahanafi wameona kuihamisha ni karaha, ila kwa jamaa au kwa wenye haja kubwa zaidi. Wamaliki nao wameruhusu ihamishwe panapokuwa na haja kubwa zaidi. Rai yetu ni kwamba kimbunga ni haja kubwa zaidi bila ubishi, na imam wa Vwawa au Tunduma anayefuata kauli hizo mbili katika mwaka kama huo hakutoka nje ya fiqhi. Lakini asiwapite mafukara wa kijiji chake. Mjane wa Ileje hapotezi fungu lake kwa sababu redio imetangaza habari ya Mafia.

Anayetaka kubaki na kauli ya Shafi ana sadaka, ambayo haina mipaka hiyo, na njia iko wazi: gunia linateremka na lori hadi Dar es Salaam, kisha Nyamisati, na kutoka hapo kwa chombo hadi Mafia. Nauli ya njia hiyo si ndogo. Mwenye mali aliyeamua mwenyewe kuihamisha zaka yake, Mashafi wamesema gharama ya kuihamisha ni juu yake. Asiikate ndani ya magunia ya mafukara. Na kamati ya msikiti itakayopeleka iandike mapema, kwa karatasi ambayo mpokeaji ataisoma kwa lugha yake, kwamba alichopewa ni chake na hakuna atakayekuja kukidai.