Vita vya Shela na Anguko la Wamazrui wa Mombasa

Mombasa ya Wamazrui haikushindwa kwa mizinga. Mwaka 1828 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, aliufikia mji huo mwenyewe akiwa na merikebu zake. Akaingia ngomeni kwa mapatano, lakini askari aliowaacha humo walizingirwa na kutolewa. Alirudi kwa vita mwaka 1829, na tena mwaka 1833, wala hakufanikiwa. Ilipofika mwaka 1837 akaipata ngome ile ile bila ya vita vikubwa. Kuta zake zilikuwa zile zile zilizoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, wala hazikuwa zimepungua unene. Kilichopungua ni nguvu ya dola iliyokuwa nyuma yake, na kupungua huko kulianza yapata mwaka 1812, mbali na Mombasa, katika mchanga wa Shela.

Wamazrui walikuwa ukoo wenye asili ya Oman. Nasaba ya Yaarubi ndiyo iliyowapa uliwali wa Mombasa katika karne ya 18. Nasaba hiyo ilipoanguka, na Wabusaidi wakashika utawala wa Oman, maliwali wa Mombasa walikataa kuwatii watawala wapya, wakautawala mji kwa amri yao wenyewe. Uhuru huo ulisimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni mapatano na wenyeji wa mji, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa, pamoja na Wamijikenda wa bara. Ya pili ni kisiwa cha Pemba, ambacho mpunga wake ulikuwa chakula cha Mombasa. Ya tatu ni umbali wa Oman, ambako Wabusaidi walikuwa na maadui wengi wa karibu zaidi kuliko Mombasa.

Dola iliyokaa hivyo ilikuwa na haja kubwa ya kuzilinda nguzo zake kuliko kutafuta nchi nyingine. Lakini katika siku za Liwali Ahmad bin Muhammad, Mombasa ilikuwa imekwisha kupata sauti kubwa katika mambo ya Pate, na kutoka Pate jicho lilihamia Lamu. Lamu ulikuwa mji wa biashara, wenye bandari njema na ushindani wa siku nyingi na jirani yake wa Pate. Haukuwa mji wa Wabusaidi. Ulitaka kuachwa ujiendeshee mambo yake.

Majeshi ya Mombasa na Pate yalikwenda kwa majahazi yakashuka Shela, kusini ya mji wa Lamu. Watu wa Lamu wakatoka kuwakabili, na wavamizi wakarudishwa nyuma mpaka ufukweni. Masimulizi ya pwani yanasema kwamba maji yalikuwa yamekupwa, na vyombo vilikuwa vimekwama mchangani, hata waliokimbia hawakuwa na pa kukimbilia. Wengi waliuawa pale pale.

Hasara ya watu ilikuwa kubwa, lakini hasara ya siasa ilikuwa kubwa zaidi. Watu wa Lamu walishinda, na hata hivyo waliogopa. Walijua kuwa aliyekuja mara moja aweza kurudi kulipa kisasi. Basi wakapeleka ujumbe kwa Seyyid Said kumwomba ulinzi, naye akawapa liwali na askari, na ngome ya Lamu ikamalizika kujengwa yapata mwaka 1821. Mji ambao haukuwa rafiki wala adui wa Oman ukawa kituo cha Oman, nao waliousukuma huko ni watu wa Mombasa wenyewe.

Atazamaye ramani ataona maana ya jambo hilo. Unguja, iliyoko kusini, ilikuwa tayari mikononi mwa Wabusaidi. Sasa wakapata na bandari ya kaskazini, mahali ambapo vyombo vitokavyo Arabuni kwa pepo za kaskazi hufika kabla ya kufika Mombasa. Mombasa ikawa katikati. Mnamo miaka ya 1822 na 1823 majeshi ya Seyyid Said yaliitwaa Pate, kisha Pemba. Kwa kuikosa Pemba, Mombasa iliikosa sahani yake ya wali. Iliyotaka kuongeza mji mmoja ilipoteza kisiwa kilichoilisha. Mtaka yote hukosa yote.

Tangu hapo Wamazrui walitafuta mlinzi kama Lamu ilivyotafuta. Mwaka 1824 Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza alikubali kupandisha bendera ya nchi yake Mombasa, lakini serikali yake haikuridhia, na ulinzi huo ukaondolewa mwaka 1826. Mji ukabaki peke yake. Liwali Salim bin Ahmad alipofariki mwaka 1835, ukoo uligombana juu ya nani amrithi, na baadhi ya wenyeji, waliochoshwa na vita na magomvi, wakamwita Seyyid Said. Baada ya kuingia kwake, wakubwa wa Wamazrui walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, na waliosalia wakakimbilia Gasi na Takaungu.

Yawezekana kujibiwa kwamba Seyyid Said angekuja tu, kwa kuwa pwani ilikuwa na pembe za ndovu na ushuru wa kutamanisha. Jawabu hili lina nguvu, lakini halitoshi. Mtawala mwenye tamaa hahitaji tamaa peke yake. Huhitaji na mlango. Katika mwaka wa vita vya Shela alikuwa bado kijana, ameshughulishwa na Wawahabi pamoja na mahasimu wa Ghuba. Lamu huru, yenye amani na Mombasa, ingalikuwa ukuta mbele yake. Lamu iliyotishwa ilikuwa mlango, tena mlango uliofunguliwa kwa ndani.

Wala Lamu haikusalimika na gharama. Iliomba mlinzi ikapata bwana, na ngome iliyojengwa kwa hofu ya Mombasa ikawa makao ya askari wa Seyyid. Ngome hiyo ingali imesimama karibu na gati la mji. Humkumbusha apitaye kwamba mtawala wa Mombasa, katika kutaka kuitawala jirani yake, aliuza kwa vita vya siku moja uhuru wa miji miwili.