Mwanaume na Sura ya Mungu: Safari ya Huduma za Wanaume Wakristo

Kitabu cha Mwanzo kinafundisha kwamba Mungu aliwaumba watu kwa mfano wake, wa kiume na wa kike pamoja. Lakini swali la nani hasa anayeibeba sura hiyo limewasumbua Wakristo tangu kale. Katika karne ya 4, Gregori wa Nisa alifundisha kuwa ndani ya Mungu hamna ume wala uke. Augustino aliyemfuata alikiri kuwa kwa upande wa akili wote wawili wana sura hiyo, ila mwanamke akitazamwa kama msaidizi tu, hanayo peke yake, ilhali mwanaume anayo.

Huduma za wanaume tunazozijua leo zilizaliwa na viwanda na miji. Mwaka 1844 George Williams, karani wa duka la vitambaa London, alianzisha na wenzake chama cha vijana wa kiume Wakristo, YMCA, ili vijana waliomiminika mjini wapate mahali pa kusali na kusoma Biblia. Muda si mrefu waandishi Charles Kingsley na Thomas Hughes wakawa vinara wa Ukristo wa misuli: mwili imara, michezo, ujasiri. Fikra hiyo ilikita mizizi hata ukumbini mwa mazoezi. Mwaka 1891, katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Marekani, James Naismith alibuni mpira wa kikapu.

Huko Marekani wachungaji walihofu kwamba makanisa yamejaa wanawake. Kampeni ya Men and Religion Forward ya 1911 na 1912 ilikusudia kuwarudisha wanaume na wavulana. Mwaka 1925 mwandishi Bruce Barton alimchora Yesu kama seremala mwenye nguvu na kiongozi hodari wa biashara. Mwaka 1990 Bill McCartney, kocha wa chuo kikuu cha Colorado, alianzisha huduma ya wanaume ya Promise Keepers. Oktoba 1997 wanaume wa huduma hiyo kwa maelfu walijaa uwanja wa National Mall mjini Washington, wakitubu kuwatelekeza wake na watoto na kuahidi kuvunja ubaguzi wa rangi. Watetezi wa wanawake nao waliuliza: mume anaporudi nyumbani, anarudi kama mwenzi au kama mtawala?

Afrika Mashariki ilikuwa imelijibu swali hilo mapema zaidi, kwa njia yake. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, na Uamsho wa Afrika Mashariki ukaenea kutoka Gahini, Rwanda, hadi Kenya na Tanganyika. Wanaume walisimama hadharani, mbele ya wake zao na vijana, wakaungama uzinzi, wizi na chuki. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, wengi wa waumini hao walikataa kiapo cha wapiganaji na kukataa pia bunduki ya mkoloni, na baadhi yao waliuawa. Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho huo mwaka 1948, akiwa askofu mkuu alimkabili Idi Amin, mtawala wa Uganda, na kuuawa Februari 1977.

Watu hawa wa Uamsho hawakuhitaji misuli ili waitwe wanaume. Kila kizazi kimempachika Mungu sura ya mwanaume kinayemtamani, na wanawake wamelipa gharama yake. Enyi viongozi wa vyama vya wanaume makanisani, wafundisheni vijana kutubu, kusema kweli mbele ya wenye nguvu, na kumheshimu mke aliyepewa sura ileile ya Mungu.