Farasi wa Beni

Mkanda ndio ulioanzisha yote. Mwaka 1900, katika ngome ya Wabelgiji iliyokuwa karibu na mto Semliki, askari walikuwa wakijifunga mikanda ya ngozi yenye mistari myeusi na myeupe. Ngozi hiyo haikuwa ya chui, wala ya swala yeyote aliyejulikana Ulaya. Wazungu wa wakati ule waliandika jina la ngome hiyo «Mbeni», na Beni ya leo bado inalibeba. Kwa askari wenyewe mkanda ulikuwa mkanda tu. Kwa mgeni aliyefika siku hizo akitokea Uganda, ulikuwa kipande cha farasi.

Mgeni huyo ni Sir Harry Johnston, mwakilishi wa serikali ya Uingereza nchini Uganda. Hakufika Beni kutafuta mnyama. Mfanyabiashara mmoja Mjerumani alikuwa amewateka Wambuti kadhaa, wenyeji wa msitu wa Ituri, ili awapeleke Paris, wakatazamwe na watu kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1900. Johnston aliwaokoa mikononi mwake, wakakaa naye kwa muda, kisha akafunga safari ya kuwarudisha kwao. Katika muda huo aliwauliza habari ya jambo moja lililokuwa likimsumbua tangu asome kitabu cha Stanley.

Henry Morton Stanley alipita msitu wa Ituri kati ya mwaka 1887 na 1889 akienda kumtafuta gavana Emin Pasha. Wengi wa wapagazi wake walikuwa Wangwana, watu wa Unguja na pwani. Katika kitabu alichotoa mwaka 1890 aliandika kwa maneno machache kwamba Wambuti wanamjua mnyama mfano wa punda, wanamwita «atti», na mara nyingine wanamnasa kwa mashimo. Mistari hiyo michache haikukaa sawa kichwani mwa Johnston. Punda anafanya nini katika msitu ambamo jua lenyewe halifiki chini? Farasi na jamaa zake wote wanapenda nyika na majani mafupi. Tena msitu ni nyumba ya mbung'o. Mwaka 1895 daktari David Bruce, akiwa Zululand, alionyesha kwamba ugonjwa wa nagana unaoua farasi na ng'ombe unaenezwa na inzi huyo.

Wambuti wakamjibu kwamba mnyama yupo. Walimtaja kwa jina ambalo Johnston alilisikia kama «o'api», na herufi ya katikati ikikatwa kooni. Wakamweleza kuwa anafanana na nyumbu wa kupandwa, ana mistari miguuni, na rangi ya mwili wake ni nzito.

Kuanzia hapo habari inaanza kuuma. Walipoingia msituni upande wa Kongo, wenyeji walimwonyesha Johnston alama za miguu ardhini, wakamwambia huyu ndiye. Johnston akainama, akatazama, akakataa. Alama zilikuwa za kwato zilizopasuka katikati, mbili mbili, kama za mbuzi au ng'ombe. Farasi ana ukwato mmoja, mzima, wa mviringo. Kwa kuwa kichwani mwake alikuwa amekwisha kuchora farasi, alidhani wanamwonyesha pofu au mnyama mwingine wa jamii hiyo. Watu waliomla mnyama huyo, waliomchuna, waliomchimbia mashimo, walisema kweli mbele ya ushahidi wenyewe, wakaonekana wanakosea.

Homa ikaupiga msafara, wakageuza njia. Alichoondoka nacho Johnston ni vipande vya ile mikanda ya askari, pamoja na ahadi ya maofisa wa ngome kwamba watamtafutia ngozi nzima. Vipande vikapelekwa London. Hapo Philip Sclater, katibu wa Chama cha Wanyama cha London, akavitazama, na mwanzoni mwa mwaka 1901 mnyama wa Beni akapewa jina la Kilatini: *Equus johnstoni*, farasi wa Johnston.

Kwa hiyo kwa miezi kadhaa ya mwaka 1901, kwa mujibu wa wataalamu wa London, Beni ilikuwa na farasi wake.

Si haki kumcheka Sclater. Waswahili wenyewe walifanya hivyo hivyo kabla yake. Walipotaka jina la mnyama wa nyikani mwenye mistari walichukua punda waliyemfuga nyumbani, wakamwongezea milia. Jina «farasi» lenyewe ni la Kiarabu, lililovuka bahari pamoja na mnyama mwenyewe hadi pwani. Kisha Kingwana, Kiswahili cha misafara, kikalisukuma neno hilo bara mpaka kwenye misitu ambamo mnyama mwenyewe asingeweza kuishi. Mtoto wa Beni ana neno tangu zamani. Alichokosa ni farasi wa kulivalisha neno hilo.

Ukweli ulifika London katikati ya mwaka huo huo. Karl Eriksson, ofisa wa Kiswidi aliyekuwa akihudumu katika ngome ya Mbeni, alituma ngozi nzima na mafuvu mawili. Mafuvu ndiyo yaliyoamua kesi. Meno hayakuwa ya farasi hata kidogo, na kwato zilikuwa mbili, kama zilivyokuwa kwenye ile ardhi ya msitu. Ray Lankester, mkurugenzi wa jumba la makumbusho la elimu ya viumbe, alionyesha kwamba huyu ni ndugu wa twiga, akamtengea jenasi yake mwenyewe: *Okapia*. Neno la watu wa msitu likakaa mbele na jina la Johnston likafuata nyuma. *Okapia johnstoni* ndilo jina lake la Kilatini mpaka leo, na kwa kawaida watu humwita okapi.

Johnston alikuwa na kipaji kingine kinachosahaulika habari hii inaposimuliwa: alikuwa mchoraji, na ujanani alisomea uchoraji London. Baada ya kuona ngozi aliyotuma Eriksson alichukua brashi na rangi za maji, akachora okapi wakiwa msituni. Picha hiyo ilizunguka dunia. Na aliyeichora hakuwa amemwona okapi hai. Alikuwa na ngozi, mafuvu, na maneno ya watu ambao mwanzoni hakuwaamini. Ulaya ilimwona okapi hai kwa mara ya kwanza mwaka 1919, alipofikishwa kwenye bustani ya wanyama ya Antwerp, na hakuishi hapo muda mrefu.

Kuchora mnyama kwa kusimuliwa ni kazi ya zamani. Mwaka 1515 mchoraji Albrecht Dürer, akiwa Nuremberg, alitoa picha iliyochapwa kwa ubao ya kifaru aliyekuwa ameletwa Lisbon kutoka India. Dürer hakumwona. Alitegemea barua na mchoro wa mtu mwingine, akamvika kifaru wake mabamba kama ya vazi la chuma, akamwongezea na pembe ndogo mgongoni. Watu wa Ulaya waliiamini picha hiyo kwa muda mrefu sana. Ni kosa, lakini ni kosa lililochorwa na mkono hodari, na ndiyo maana bado linatazamwa.

Haya yote yanamfaa sana mwalimu wa sanaa wa Butembo au Beni anayetaka darasa lake lifanye kazi juu ya farasi. Ugumu wake unajulikana. Butembo iko juu milimani, pana baridi na ukungu wa asubuhi, na kutoka huko hadi Beni ni kilomita zipatazo 54 za barabara inayoteremkia upande wa msitu. Njia nzima utakutana na pikipiki, mbuzi, malori ya mbao, akina mama wenye mizigo ya mihogo. Farasi si mnyama wa njia hiyo. Wanafunzi wengi wanamjua kwa sinema, kwa vitabu na kwa simu. Wakiambiwa wachore farasi watanakili, na michoro arobaini itatoka na shingo ile ile na mkia ule ule, kwa sababu picha waliyoitazama ni moja.

Lakini mwanafunzi huyo amekaa pale pale alipokuwa amekaa Johnston, na pale alipokuwa Dürer. Ana neno, ana habari, mnyama hana. Kazi inaweza kuanzia hapo badala ya kupakimbia. Darasa moja linaweza kupewa mkanda tu: karatasi ndefu, nyembamba, yenye mistari myeusi na myeupe, na kila mtoto achore mnyama mzima anayedhani mkanda ule ulikatwa kwake. Hapo hakuna wa kunakili kwa jirani. Watatokea farasi, watatokea punda milia, bila shaka atatokea na mbuzi. Kisha mwalimu asome maelezo ya Wambuti, wachore tena. Mwishowe azitoe zile kwato mbili. Mtoto aliyechora mara tatu atakuwa amepita njia ile ile ambayo elimu ya London ilipita kati ya mwaka 1900 na 1901, na hatahitaji kuelezwa kwa nini ushuhuda wa mwenyeji una uzito.

Vifaa havihitaji kuagizwa mbali. Makaa ya jikoni huchora mstari mweusi kuliko kalamu nyingi, na mistari ya okapi inaomba makaa. Kuna pia ufundi ambao shule zingeupa heshima yake: vitambaa vya magome vya Wambuti wa Ituri. Wanaume hubandua gome la ndani la mti na kuligonga mpaka lilainike kama nguo. Wanawake ndio wachoraji. Kwa utomvu wa matunda uliochanganywa na masizi huweka mistari, nukta na miraba inayokatika ghafla na kuanzia mahali pengine, bila kupima kwa rula. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yanavihifadhi. Mtu akivitazama vitambaa hivyo karibu na paja la okapi huona kwamba mkono uliozoea msitu hauogopi mstari uliovunjika. Huo ni mtazamo wa mwandishi, wala si madai kwamba wanawake hao wanamwiga okapi.

Upande wa Butembo kuna mwelekeo mwingine, nao ni wa mbao. Chukudu, lile gari la kusukuma lenye magurudumu mawili ya mti, limekuwa likibeba mizigo ya Kivu ya Kaskazini tangu miaka ya 1970. Lina usukani mpana kama pembe na ubao mrefu kama mgongo. Mwenye nalo hupiga goti moja juu ya kipande cha mpira, mguu mwingine ukisukuma ardhi, na kwenye mteremko husimama kama mpanda farasi. Viazi, makaa, mbao, simenti, vyote hupanda juu yake. Mwaka 2009 mji wa Goma ulilisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu, mwendeshaji na mzigo wake, mahali ambapo miji mingine ya dunia ingesimamisha jemadari juu ya farasi. Kwa darasa la uchongaji, hilo tu linatosha kwa muhula mzima.

Okapi naye amekuwa kila mahali katika nchi ya Kongo. Kichwa chake kilikuwa kwenye noti ya senti 50 ya mwaka 1997. Redio iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2002 ikachukua jina lake. Hifadhi ya Okapi, yenye stesheni yake Epulu, upande wa Ituri, iliundwa mwaka 1992 kwa ajili yake, na mwaka 1996 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Juni 2012 waasi waliivamia stesheni ya Epulu, wakaua watu, wakaua na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa hapo.

Hatari kama hiyo ndiyo sababu mwalimu wa Beni hawezi kuwapakia wanafunzi kwenye gari na kuwapeleka msituni wakatafute alama za miguu. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vimeshambuliwa mara nyingi mno, watu wakiuawa mashambani na majumbani mwao, na watoto wengi wa huko wamelijua neno «msitu» kama neno la hofu kabla ya kulijua kama jina la mahali penye wanyama. Mtoto anayechora okapi leo katika mtaa wa Beni anachora jirani ambaye njia ya kumfikia imefungwa.

Hata hivyo jirani huyo hajaondoka. Katika mbuga ya Virunga hapakuwa na uthibitisho kuwa okapi yupo tangu mwaka 1959. Wengi waliamini amekwisha upande huo. Mwaka 2006 zilionekana dalili zake, na watafiti wakafunga kamera zinazojipiga zenyewe katika msitu wa Watalinga, ndani ya wilaya ya Beni, si mbali na mto ule ule wa Semliki. Septemba 2008 picha zikatangazwa. Ni picha za usiku, majani yakiwa mbele, giza nyuma, na katikati mapaja yenye mistari myeusi na myeupe.