Intelijensia ni nini, na Kibiti inatufundisha nini?

Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliuawa kwa risasi baada ya kuviziwa eneo la Mkengeni, wilayani Kibiti. Katika miaka hiyo, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na viongozi wa CCM waliuawa mmoja baada ya mwingine Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Kwa msikilizaji wa Mtawanya, hizi si habari za mbali. Hapa tunaeleza kwa nini taarifa ni sehemu ya ulinzi, na kwa nini anayeitoa naye anahitaji kulindwa.

Intelijensia ni nini?

Ni kukusanya taarifa, kuzilinganisha na kuzichambua ili hatari ijulikane kabla haijatokea. Tanzania ina Idara ya Usalama wa Taifa, inayoongozwa na sheria ya mwaka 1996. Polisi na jeshi nao wana vitengo vyao vya kazi hiyo. Sheria ya 1996 ilipotungwa iliweka pia mpaka: mtu asifuatiliwe kwa sababu tu anapinga jambo kwa njia halali.

Kuzuia ujasusi ni nini?

Ni upande wa pili wa kazi hiyo hiyo. Adui naye hutafuta habari: nani anapita wapi, doria inatoka saa ngapi, nani amezungumza na polisi. Kuzuia ujasusi ni kumnyima habari hizo, na kulificha jina la mtoa taarifa.

Kibiti ilikuwaje?

Mwenyekiti wa kitongoji humjua aliyehamia, aliyeondoka na aliyebadilika. Kwenye mikoko na vijito vya delta ya Rufiji, mgeni hawezi kuona anachokiona mwenyeji. Yeyote aliyepanga mauaji yale, kila kiongozi aliyeuawa aliiacha serikali bila jicho moja kijijini, na walio hai wakaogopa kusema.

Mei 2017 Simon Sirro alichukua nafasi ya Ernest Mangu kama Mkuu wa Jeshi la Polisi. Operesheni ziliongezwa, ukaundwa mkoa wa kipolisi wa Rufiji, na hatimaye mauaji yakatulia. Lakini Novemba mwaka huo Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alitoweka Kibiti. Hajaonekana tena. Mwananchi anayeona watu wanatoweka bila maelezo huziba mdomo, hata mbele ya askari.

Mwananchi afanye nini?

Tofautisha ulichokiona na ulichosikia. Taarifa nzuri husema nini, wapi, lini na watu wangapi. Usimtaje mtu kwa sababu ya ugomvi wa shamba, dini yake au ugeni wake, kwani taarifa ya uongo humwumiza asiye na hatia na kumpa mhalifu nafasi. Mpelekee kiongozi unayemwamini au piga 112. Ukishaitoa, usiisimulie kijiweni wala kwenye makundi ya simu.