Albamu za Kwaya na Dansi la Njia Panda: Muziki Mpya Ulivyofika Mjimwema

Historia ya muziki wa Tanzania mara nyingi huanzia Kariakoo na kuishia Kinondoni. Mikoani hutajwa Morogoro na Tanga kwa sababu ya bendi zao kubwa, na Tabora kidogo. Nyanda za Juu Kusini huonekana kama mahali pa kupokea tu: wimbo unatungwa pwani, unapanda mlima, unafika umechakaa. Sikubaliani na picha hiyo, na ushahidi wangu uko Mjimwema.

Mjimwema za Mkoa wa Njombe ni mbili. Moja ni kata ya mjini Njombe, nyingine ni kata ya Makambako, na kati yao ni mwendo wa kilomita kama 60 kwa barabara ya Songea. Mkoa wenyewe ni wa juzi tu, ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, kwa hiyo msomaji atakayepekua kumbukumbu za zamani aitafute miji hii chini ya Iringa.

Kabla ya redio, muziki mgeni ulifika Njombe na manamba. Wilaya hii ilitoa vibarua wengi kwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na chombo maalumu cha kuwaandikisha, SILABU. Mkataba ukiisha, mtu alirudi na blanketi, nguo, pengine baiskeli. Aliyejibana zaidi aliweza kurudi na gramafoni na santuri chache. Santuri za Kiswahili zilikuwepo tangu mwaka 1928, Siti binti Saad aliposafiri na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi. Kuna jambo moja waandishi wetu hulipita haraka. Mikoa ya mkonge ndiyo hiyo hiyo iliyolea bendi kubwa: Cuban Marimba na Morogoro Jazz kule Morogoro, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kule Tanga. Mshahara wa kibarua wa Kibena kutoka Njombe ulikuwa sehemu ya pesa iliyozunguka katika miji ile, na kiingilio cha dansi kilitoka humo humo. Watu wa Njombe walikuwamo katika muziki ule tangu mwanzo, kama walipaji na wachezaji.

Nyumbani nako hapakuwa kimya. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa asili, alipita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake, na miongoni mwa aliyoyarekodi ni ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, majirani wa Wabena. Kule Ludewa, kando ya Ziwa Nyasa, vijana walikuwa wakicheza mganda kwa mistari iliyonyooka, nguo zimepigwa pasi, mtindo uliozaliwa kutokana na ngoma ya beni na gwaride la askari. Na kila mahali palikuwa na kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi. Msimu wa mvua mianzi inapotoa, kilabu ndicho jukwaa: mtunzi mpya huanzia hapo, mbele ya wateja walioshika vikombe vya plastiki au kata, na wimbo ukikataliwa hukataliwa pale pale. Sijui ukumbi wenye wahakiki wakali kuliko kilabu cha ulanzi saa kumi na mbili jioni.

Redio ikabadili mambo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 kwa eneo la mji tu, ikapanuka na kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na kuanzia mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD kwa kifupi. Bendi zilirekodiwa katika studio ya RTD, kanda ikabaki maktaba, wimbo ukarushwa hewani. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo bendi iliyotaka kuuza ilibidi ipande hadi Nairobi. Mbaraka Mwinshehe alifanya hivyo, na santuri zake ziliuzika sana Kenya hadi alipofariki huko kwa ajali ya gari Januari 1979. Nyimbo nyingi tunazoziita zilipendwa hazikuwa bidhaa ya dukani wakati wake. Zilikuwa hewani tu. Mtu wa Mjimwema hakuwa na la kununua, alikuwa na la kuvizia.

Kuvizia kulikuwa na taratibu zake. Redio ya National, iliyotengenezwa Dar es Salaam, iliwekwa dirishani ili ishike mawimbi. Betri zikififia zilianikwa juani juu ya bati, zikapata uhai wa siku mbili tatu. Kadi za salamu ziliandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko barua ya mchumba, zikapelekwa posta, na jina likisomwa kabla ya wimbo, mtaa mzima ulijua. Klabu za salamu zikaundwa, wanachama wakatembeleana mikoa kwa mikoa bila kuwahi kuonana kabla. Kwa watu wengi wa milimani, salamu ndiyo ilikuwa njia ya kujua wimbo upi umetoka na upi umeshazeeka.

Bendi zenyewe zilikuja kwa barabara, baadaye na kwa reli. Barabara kuu ya Zambia ilipata lami mwanzoni mwa miaka ya 1970. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa mwaka 1976, baada ya wajenzi kutoboa milima kati ya Mlimba na Makambako, kipande kigumu kuliko vyote. Makambako ikawa njia panda ya kweli: treni, malori ya Zambia, mabasi ya Mbeya, na tawi la kushuka Songea, lililowekwa lami katika miaka ya 1980. Mji wa namna hiyo huwa na wageni wenye pesa kidogo na usiku mrefu. Bendi iliyokuwa safarini kati ya Iringa na Mbeya isingeupita bila kupiga.

Siku ya dansi gari lilizunguka mitaani tangu asubuhi, spika juu ya paa, mtangazaji akitaja kiingilio na majina ya waimbaji. Mchana vijana walijipenyeza ukumbini kutazama vyombo vikifungwa. Hapo ndipo wapiga gitaa wa mji walipojifunza, kwa kuangalia vidole, maana mwalimu hakuwepo.

Katika kipindi hicho mkoa wa zamani wa Iringa ulikuwa na bendi yake inayostahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa: Tancut Almasi Orchestra. Ilimilikiwa na kampuni ya umma ya kukata almasi, TANCUT, yenye makao Iringa, kwa utaratibu ule ule uliozipa bendi nyingine mashirika ya kuzilea. Ilikuwa na mapacha kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na mpiga gitaa John Kitime, ambaye baadaye amekuwa mmoja wa watu waliojitahidi sana kuandika kumbukumbu za muziki wa dansi. Wimbo wao wa Masafa Marefu ulivuma nchi nzima. Kwa mara hiyo moja, wimbi lilitoka milimani kwenda pwani. Mashirika ya umma yalipoanza kuyumba na kuuzwa, bendi nyingi za namna hii zilipoteza mlezi, na vyombo, ambavyo havikuwa mali ya wanamuziki, vikaondoka na mwenye navyo.

Basi nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Leo vijana wanapozungumzia albamu huru, yaani iliyorekodiwa na kusambazwa bila kampuni, huwataja watu wa hip hop. Wana haki. Sugu, aliyekulia Mbeya na kuja kuwa mbunge wake mwaka 2010, alitoa albamu yake ya Ni Mimi mwaka 1995, na kwa miaka mingi alipigana na mfumo wa usambazaji. Kundi la Tamaduni Muzik nalo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, liliuza CD mkononi, msanii kwa msikilizaji. Lakini Njombe walikuwa wanafanya hivyo zamani, na waliokuwa wanafanya ni kwaya.

Kanisa lina mizizi mirefu hapa. Wamisionari wa Berlin walifungua kituo cha Kidugala mwaka 1898, na Wabenediktini wakajenga Uwemba, nje kidogo ya mji wa Njombe. Dayosisi ya Kusini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ina makao yake mjini Njombe, na Jimbo Katoliki la Njombe lilianzishwa mwaka 1968. Kwanza waumini waliimba tenzi za Kijerumani kwa maneno ya Kiswahili. Kisha wakaja watu kama Padre Stephen Mbunga wa upande wa Peramiho, aliyeandika mwaka 1963 kitabu kizima kutetea muziki wa Kibantu ndani ya ibada. Walimu wa kwaya wakaanza kutunga, kwa sol-fa iliyoandikwa kwa kalamu kwenye daftari la mistari.

Redio kaseti ziliposambaa, hasa baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, kwaya zikaona njia. Utaratibu ulikuwa hivi. Wanakwaya wanachanga. Usharika au parokia inachangia. Wanapanda basi, watu 20 au 30, kwenda kwenye studio ya Dar es Salaam, baadaye Iringa au Mbeya, wanalala kwa wenyeji wa kanisa na kuimba hadi sauti zikauke. Wanarudi na kanda mama na boksi la kaseti. Jalada lina picha ya kwaya nzima imevaa sare, imepangwa kwenye ngazi za kanisa au juu ya mawe, wafupi mbele. Ndani kuna orodha ya nyimbo, upande A na upande B, shukrani kwa mchungaji na kwa mfadhili wa kinanda, na anwani ya sanduku la posta. Mwaka mara nyingi haupo.

Halafu uzinduzi. Asiyewahi kuhudhuria uzinduzi wa albamu ya kwaya hajui uchumi wa muziki wa nchi hii. Anaalikwa mgeni rasmi, mbunge au mfanyabiashara wa mbao. Kwaya inaimba moja kwa moja, na kwaya alikwa nazo zinaimba, na hapo ushindani ni mkali ingawa kila mtu anatabasamu. Kisha kaseti ya kwanza inanadiwa. Mgeni rasmi anainunua kwa bei mara mamia ya bei ya kawaida, wenzake wanafuata, na wasio na fedha taslimu wanatoa ahadi. Makatibu wa kwaya wana madaftari ya ahadi ambazo hadi leo hazijalipwa. Hata hivyo gharama ya studio ilirudi, na kaseti zilizobaki ziliuzwa mlangoni baada ya ibada, sokoni, na kwa ndugu walioko Dar es Salaam. Hakukuwa na kampuni hata moja katikati. Nikiulizwa albamu huru za Tanzania zilianzia wapi, jibu langu ni mlango wa kanisa.

Wizi wa kazi ulikuwepo, na kaseti ya kwaya iliweza kunakiliwa usiku mmoja kama nyingine yoyote. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na kuundwa kwa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, vilisaidia kidogo, lakini kwaya chache ziliwaza kusajili. Zilipokuja VCD na DVD, mabasi ya masafa marefu yalizipokea. Abiria wa Songea alitazama kwaya ikicheza hatua zake kando ya maporomoko ya maji kuanzia Mikumi hadi Njombe, atake asitake. Wengine waliposhuka stendi walikwenda moja kwa moja kuulizia diski hiyo.

Siku hizi kazi ya kuvizia imehamia kwenye simu. Kulikuwa na kipindi cha kati, cha vibanda vya kujaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi: kompyuta moja, spika moja nje, na kijana anayejua ladha ya kila mteja, dereva wa lori la mbao akapewa nyimbo za safari, mama muuza viazi nyimbo za injili. Sasa wengi wanatumia YouTube na Boomplay, na redio za mkoa, Kings FM na Uplands FM mjini Njombe, zinapiga kazi za wasanii wa hapa pamoja na za mastaa. Mtu mwenye kompyuta na kipaza sauti anaweza kurekodi chumbani. Dar es Salaam, studio ya Sisso ya Mburahati ilionyesha namna hiyo inavyoweza kufika mbali, pale lebo ya Kampala ya Nyege Nyege Tapes ilipotoa mkusanyiko wa singeli wa Sounds of Sisso mwaka 2017 na ukasikilizwa Ulaya.

Maonyesho ya ana kwa ana hayajafa, yamebadili kalenda. Yanafuata pesa ya viazi, mbao na parachichi, na zaidi ya yote yanafuata Desemba, wenyeji wanaporudi kula sikukuu. Anayetaka kusikia kipya katika Mjimwema yoyote kati ya hizi mbili asingoje tamasha kubwa. Aulizie uzinduzi wa kwaya, mashindano ya kwaya ya majimbo, harusi zenye bendi, na baa yenye mpiga kinanda wikiendi.

Kanda za RTD angalau zilipata watetezi: mwaka 2012 ulianzishwa mradi wa Tanzania Heritage Project kupigania zihamishiwe kwenye mfumo wa dijitali. Kaseti za kwaya za Njombe hazina mtetezi. Ziko kwenye makabati ya makatibu waliostaafu na kwenye maboksi chini ya vitanda, katika mji wenye ukungu na baridi, na utepe wa kaseti haupendi unyevu. Msomaji uliye nayo moja, andika juu ya jalada jina la kwaya, mwaka, studio na mwalimu aliyetunga, kisha mtafute mwenye mashine ya kuihamishia kwenye kompyuta mapema, wakati mwalimu huyo bado yupo wa kuulizwa.